Mwaga Maji ya Bidoni ya Buluu

Kalemie

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo unaendeleaje, na mihogo ya Kiambi imekubali mwaka huu? Mdogo wangu Delphin anayekusomea naye namsalimu. Lakini kabla hajaendelea, ainuke kwanza akamwage maji ya ile bidoni ya buluu, lile dumu la plastiki nililokutumia, mbali na kisima. Mtu asinywe hata tone. Kwenu simu haishiki, ndiyo maana nimemtuma Gérard, yule aliyekuletea hiyo bidoni, na pikipiki yake.

Sasa nikueleze. Juma lililopita mjukuu wako Elodie aliamka mzima, akanywa maji, akaenda kucheza. Haukupita muda, mate yakaanza kumtoka, akatapika, miguu ikakataa kumbeba. Nikasema ni kipindupindu, maana hapa mjini kutapika hatukujui kwa jina lingine. Mume wangu Papy akambeba mbio hadi kituo cha afya. Muuguzi, Mama Francine, akauliza maji tunayaweka wapi. Nikamletea bidoni yetu, pacha wa yako. Akainusa, akasema: “Mama, hii njo bidoni ya dawa ya kupe za ng'ombe. Hata uisukule na sabuni namna gani, haiwezi kuwa ya maji ya muntu.” Akauliza kama haikuwa na karatasi ya onyo. Nikainama kumpangusa Elodie mate. Papy akanitetea, akasema mke wake angeiona karatasi hiyo asingethubutu.

Mama, karatasi ilikuwapo. Bidoni zote mbili niliziokota kwenye takataka nyuma ya ghala la mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe wa kule milimani Pepa. Zilikuwa na picha ya fuvu la kichwa. Nilizisugua kwa mchanga na sabuni, na picha nikaibandua kwa kisu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekuahidi bidoni mpya, sikutaka ujue mwanao wa mjini anakutumia vya jalalani. Gérard aliponiambia umenibariki mbele ya wamama wa kanisa, nilifurahi. Sasa naona haya hata kuliandika.

Elodie ameanza kula. Papy nimemwambia ukweli jana, bado hajanisemesha.

Najua bidoni hiyo huwa unawaazima wamama siku ya ibada. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo Delphin asinong'one: awasomee wote waliokunywa, alitaje jina langu, na anayejisikia vibaya apelekwe kituo cha afya leo hii. Bidoni itobolewe, asije mtu akaiokota kama mimi.

Wasalimie wote wa nyumbani. Gérard atasubiri jibu. Usinitumie baraka, Mama. Niambie tu kama na wewe ulikunywa.

Mimi mwanao,
Virginie