Upande Wako wa Jiwe

Dada Mwamini,

Amani iwe nawe huko uliko, wewe uliyetangulia ukatuacha tukihesabu siku. Leo ni siku ya thelathini na tisa. Kesho nyumba itajaa watu wa arobaini yako, na kabla hawajafika na masufuria yao na maneno yao, nimejifungia chumbani mwako na kalamu. Nakuandikia kwa herufi alizonifundisha baba yangu katika chuo chake cha Kurani kule Kabambare. Ulizoea kusema kwamba mimi nikianza kuzungumza hata kuku wanahama uani. Basi leo huna pa kwenda, utanisikiliza mpaka mwisho.

Nataka kukupa habari ya jiwe la ukumbini. Limepona. Nimeanza na hilo ili usikae na wasiwasi, maana nakujua. Lakini ilibaki kidogo tu lifunikwe kwa sementi, na kama lingefunikwa nisingejua pa kukutafuta tena humu ndani.

Unakumbuka siku nilipolikanyaga mara ya kwanza? Nilitoka Kabambare, mke wa pili, miguu imevimba kwa safari. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia, nikakanyaga ubaridi. Nyumba nzima ni ya udongo, na pale mbele ya mlango limelala pande la jiwe jeupe, refu kuliko mtu aliyejinyoosha. Majirani walinicheka. Walisema babu yake mume wetu alileta jiwe kutoka Kabambare, sasa mjukuu naye ameleta la kwake. Mimi sikucheka. Bibi yangu alinisimulia juu ya watu wa kwetu waliobeba mizigo siku za misafara, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Nilisimama juu ya jiwe nikasema moyoni, kumbe nyinyi wabebaji mmefika hapa kabla yangu.

Sikukupenda. Nawe hukunipenda, tusidanganyane. Kila Ijumaa ulipiga magoti ukalifuta lile jiwe kwa maji matupu na kitambaa laini, na mume wetu, Baba Amisi, alikuwa akipita anapunguza mwendo ili akutazame. Mimi nilikuwa nakuchungulia kutoka jikoni na kuhesabu alivyokutazama.

Basi wiki ya pili ulipokwenda kwenye shamba la pamba, lile la lazima la serikali, na Baba Amisi yuko Nyangwe kununua samaki, nikachuma ndimu sita. Kwetu mama alisugua sinia za shaba kwa ndimu na majivu mpaka ukaona meno yako ndani yake. Nilitaka mume arudi, aone, aseme: kumbe! Nikakamua, nikasugua. Jiwe likatoa povu dogo na kulia taratibu, nami nikafurahi, nikidhani uchafu unakimbia. Nilipomwagia maji na kukausha, katikati yake mng'ao ulikuwa umekufa. Pamepauka, pamekwaruzika, kama kisigino kisichoonja mafuta. Nikaongeza ndimu.

Ulirudi jioni na kapu la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Ukatazama jiwe, ukatazama maganda, ukanitazama mimi. Kesho yake Baba Amisi aliingia, akasimama, akauliza: "Nani ameharibu jiwe ya babu yangu?" Nilijua nitarudishwa Kabambare. Nilijua hata nguo zipi nitafunga.

Ukasema: "Ni miye. Nilimwanga ndimu. Sasa?"

Ulisema huku unachambua sombe, kama mtu anayejibu bei ya chumvi. Wiki nzima hakugusa chakula chako. Nilipika mimi, akala, na changu nikawapa kuku. Kwa miaka mingi niliamini ulifanya vile ili nikuinamie siku zote. Nisamehe. Nitakuambia baadaye jinsi nilivyojua vingine.

Siku ya nane uliniita alfajiri. Ulikuwa umeweka vinoo viwili, vile vya kunolea panga, na bakuli la mchanga wa mtoni uliochekechwa. Ukanionyesha mwisho wa jiwe. "Kaa upande ule. Hii jiwe iko na ngozi sawa mutu. Umeitoa ngozi fasi moja. Sasa tutaishusha yote mupaka pale umefika." Nikauliza kwa nini tusisugue pale palipoungua tu. "Utachimba shimo," ukasema, ukaanza.

Majira yote ya mvua, Dada! Maji kidogo, mchanga kidogo, kinoo kinazunguka. Kisha mchanga laini zaidi. Kisha ule uliobaki kwenye kitambaa, laini kama unga. Wewe upande wako, mimi wangu, hatusemezani ila "maji" na "sogea". Mama mkwe alikufundisha kazi hiyo, nawe ulikuwa unanifundisha mimi kwa kunipiga kikofi mkononi kila nilipokandamiza. Siku mikono yetu ilipokutana katikati, kinoo changu kikagonga chako, tukacheka. Hatukujua tunacheka nini. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Halafu ile asubuhi. Ulikuwa umemwaga maji ya kusuuza, mlango uko wazi, jua liko chini bado, likaingia likalala juu ya jiwe. Ukaninyamazisha kwa mkono. "Inama. Hapana vile, inama kabisa." Nikaweka shavu karibu na jiwe.

Ndani ya jiwe kulikuwa na duara. Duara ndani ya duara, ndani ya duara, nyembamba kama nyuzi, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Na pembeni yake nyingine, na nyingine tena, zimebanana, zimesukumana, kutoka upande wako mpaka wangu. Hakuna mkono uliochora. Zilikuwa mle ndani wakati babu anazaliwa, na wakati babu wa babu yake anazaliwa, gizani, zimejipanga hivyo bila mtu wa kuziona. Nikakuuliza ni kitu gani. Ukasema: "Sijui. Nimeikanyaga hii jiwe myaka makumi mbili. Sikuiona." Kisha ukasema Subhanallah kwa sauti ndogo, wewe uliyekuwa ukigombana na jogoo mpaka mtaa wa pili wasikie. Tulikaa pale mpaka bugali ukaungua.

Tulimalizia kwa majani ya msasa, yale maseremala wanayosugulia mbao, tukapaka nta ya nyuki nyembamba, tukafuta mpaka mabega yakauma. Baba Amisi alipoona alivua viatu nje kabisa, uani. Hukumwambia chochote. Siku ile nilianza kukuita Dada bila kulazimishwa.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Unajua mwenyewe ulivyoomba siku za mwisho, homa inakuchoma, tuondoe mkeka ili mgongo wako ulale juu ya jiwe lenyewe. Siku tuliyokuzika watu walikuwa wengi kuliko nyumba. Wifi yetu Mwajuma alipita mlangoni na kibuyu cha mafuta ya mawese cha kupikia wageni, akajikwaa. Kibuyu kikapasuka pale pale ulipokuwa ukilala. Nani angefuta siku ile? Watu waliingia, walitoka, walilia, walikanyaga. Tulipokuja kutazama, jiwe lilikuwa limeyanywa. Doa jekundu, pana kama sinia. Nikaosha kwa sabuni. Likabaki. Mwajuma akasema: "Tandika mukeka, mambo imeisha."

Mkeka ulikaa karibu mwezi. Wiki iliyopita Baba Amisi akaufunua, akatazama. Akasema: "Iko sawa damu. Kila nikiingia naona ni damu yake." Akaenda kumwita fundi aliyemwaga sakafu ya nyumba ya bwana teritwari, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Siku hizi kila mtu anasifu sementi, eti haina viroboto, hata Bula Matari, serikali yenyewe ya Wazungu, anaipenda. Mifuko miwili ikaletwa, ikawekwa barazani. Fundi angekuja Alhamisi. Nilimwomba mume wetu anipe mpaka Jumatano. Hakuwa na hasira, Dada. Alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba kitu na haoni pa kukitua. Ndipo akauliza, bila kuinua kichwa, nani alimwaga.

Mwajuma alikuwa pale. Alitazama vidole vya miguu yake. Unamjua, kaka yake ndiye kila kitu kwake. Na mimi nikasikia sauti inasema, "Ni miye." Ilikuwa yangu. Sikuipanga, sikupima faida, ilitoka tu kabla sijafikiri. Hapo ndipo nilipokujua, baada ya miaka yote ile. Nilijifungia jikoni nikalia, si kwa sababu ya doa.

Kisha nikafuta machozi, nikaenda kuchimba pemba.

Ulishawahi kutoa tone la mafuta ya taa kwa udongo ule mweupe, nikaona. Lakini tone si sinia. Kwanza nikajaribu pembeni, karibu na ukuta, usiku mmoja na mchana mmoja, nione kama ngozi itabaki. Ikabaki. Nikakanda pemba na maji ya majivu, nzito kama bugali wa mgonjwa, nikaweka juu ya doa unene wa kidole, nikafunika kwa majani ya mgomba ili isikauke haraka. Baadaye nikafunua ikauke yenyewe. Nilikatazwa na nani kuigusa? Na wewe. Nilikusikia kabisa: haraka ya nini?

Ilipopasuka nikabandua kipande cha kwanza. Juu nyeupe. Nikakigeuza. Chini yake ilikuwa nyekundu! Mafuta yalikuwa yamepanda, Dada. Yamelitoka jiwe, yameingia udongo, taratibu, bila mtu kuyavuta. Nilikishika kile kipande kama mtu aliyeshika mtoto mchanga wa mwenzake. Nikaweka tena. Mara ya pili ikatoka ya manjano. Mara ya tatu, Jumatano, ilikaribia kuwa nyeupe kama ilivyoingia. Nikaosha, nikakausha, nikapaka nta.

Sikumwita Baba Amisi. Niliacha mlango wazi tu, asubuhi, jua likiwa chini. Akaja kutoka msikitini, akavua viatu, akaingia, akasimama. Halafu yule mzee, mwenye goti bovu, akainama kabisa, shavu karibu na jiwe. Kumbe siku zote zile hakuwa amewahi kuinama, hakuwahi kuziona duara. Wewe hukumwambia, na mimi pia. Akasema: "Na hizi zilikuwa humu?" Nikasema ndiyo. Akalala pale, Dada, mgongo juu ya jiwe, pale ulipokuwa ukilala, na machozi yakamtiririka masikioni. Nikatoka nje nikamwachia.

Fundi alipokuja tulimpeleka chooni. Kwa hiyo sasa tuna choo kizuri kuliko cha mtu yeyote mtaani, ungecheka.

Nikitazama zile duara sasa naogopa, kwa woga ule mzuri, wa mtu aliyeingia msikitini peke yake. Kitu kigumu kuliko vyote nyumbani, na kinakunywa, kinaungua, kinaponywa na udongo laini. Mimi ni binti wa mwalimu, lakini baba hakunifundisha neno la kusema hapo. Nasema lako lile, Subhanallah, kwa sauti ndogo.

La mwisho, Dada. Mwajuma ameanza kumtajia kaka yake binti mmoja wa Nyangwe. Nimesikia kupitia ukuta. Yeye hakujibu, lakini hakukataa. Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Nitamchukia kwanza, niruhusu, nawe ulinichukia kwanza.

Ila nakuahidi hivi. Akija, asubuhi ya kwanza nitamwinamisha mlangoni aone. Na nikichelewa, nikarudi kutoka shamba nikamkuta amepiga magoti juu ya maganda ya ndimu, na mume anauliza ni nani, unajua nitakachosema. Kisha nitampa kinoo chako, nimkalishe upande wako, nami nianze upande wangu.

Lala, Dada. Mgongo wako upate ule ubaridi ulioupenda.

Mwenzako,
Zaina wa Kabambare