Salamu kwa Dakika

Jumamosi, 2 Mei

Kisesa tena, kwa Mama. Nimefunga saluni mapema, mteja mmoja nimemwambia arudi Jumatatu, kanuna. Anune. Kila Jumamosi ndiyo hivi: simu ya Nyamizi ni saa tisa alasiri, ukiikosa unasubiri wiki nyingine.

Tunakaa vilevile kila mara. Kaka Masanja kwenye kiti cha mgongo, simu mkononi, maana yeye ndiye baba na yeye ndiye aliyempeleka Nyamizi kambi ya nidhamu. Mama kwenye kigoda, kitenge kipya, kama anakwenda misa. Mimi mkekani, nabambua karanga. Dakika zinalipiwa kwanza, kwa namba ya huyo anayejiita Kamanda. Kumpigia mtu Ulaya ni nafuu kuliko kumpigia mtoto wetu aliye hapo tu ng'ambo ya ziwa, Busisi. Sitanii.

Basi Masanja anakimbiza maswali. Unakula? Ndiyo. Unaumwa? Hapana. Umejirekebisha? Ndiyo. Mama akanyoosha mkono apewe simu, asalimiwe na mjukuu wake. Masanja akatikisa kichwa. Salamu zinakula dakika, Mama. Ikakatika.

Mama kaenda jikoni na kitenge chake kipya. Nina hasira.

Jumapili, 3 Mei

Ni kweli salamu zinakula dakika. Zetu zinakula mchana mzima. Msukuma akikuambia "Mwadila" ya mchana, huwezi kujibu "mhola", yaani salama, ukaenda zako. Hapo ndipo mmeanza. Ataulizia watoto, ataingia zizini kwa ng'ombe, atapita shambani kwenye viazi, ataulizia mvua, mgonjwa wa jirani, na kuku kama wapo. Kila swali na jibu lake.

Nyamizi alikuwa bingwa. Tangu mdogo anapiga goti mbele ya bibi yake asubuhi, wanasalimiana mpaka chai inapoa. Nilikuwa nawacheka. Mtoto wa miaka minne anaulizia afya ya ndama!

Na kosa lake sasa, miaka kumi na sita: kutoroka shule kwenda kucheza na lile kundi la ngoma ya majembe, wale wanaorusha jembe juu na kulidaka. Baba yake alipomuuliza kwa nini anakimbia kipindi cha hesabu, akajibu hesabu haina mdundo. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Masanja hakucheka. Na Mama naye, lazima niandike ukweli, aliunga mkono kambi. Alisema itamwongezea adabu.

Jumatatu, 4 Mei

Mteja wa Jumamosi karudi, bado kanuna. Nimemsuka huku namsimulia. Kununa kukaisha. Kumbe naye ana mtoto wa dada yake kambi hiyohiyo! Wanauza mahindi walipie dakika. Na yule Kamanda, anasema, hajawahi kuwa askari wa chochote. Alikuwa na duka la magodoro.

Kamanda wa magodoro. Nimecheka, halafu nikakasirika upya. Kesho kutwa naenda ustawi wa jamii.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda. Nilivaa gauni la harusi za watu ili wasinifukuze. Afisa ni dada mmoja Mhaya, Koku, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nilidhani atanizungusha. Hakunizungusha. Akaomba kuona meseji za malipo kwenye simu, akasoma, akavua miwani, akavaa, akasoma tena.

Akauliza kama mtoto anaongea peke yake au kuna mtu anasikiliza. Sikujua. Sijawahi kujiuliza. Akasema watoto kusikia sauti ya nyumbani si bidhaa ya kuuza, na kwamba atamwandikia Kamanda leo hii. Nikatoka natembea kama bibi arusi.

Sijamwambia Masanja. Atasema namvunjia heshima. Heshima yenyewe iko ng'ambo ya ziwa inapigishwa kwata.

Jumamosi, 9 Mei

Simu fupi tena. Unakula, unaumwa, umejirekebisha. Mama hata mkono hakunyoosha leo. Kitenge cha kushindia, si kipya.

Sijapenda kabisa. Mama yangu si mtu wa kukata tamaa na kitenge.

Jumatano, 20 Mei

Tumeshinda! Koku kapiga simu mwenyewe, nikiwa na povu la shampuu mpaka kwenye viwiko. Kambi imeamriwa ikome kutoza simu. Mzazi anapiga kwa bei yake ya kawaida ya mtandao, anaongea mpaka achoke, na hakuna kumlipa Kamanda hata senti. Wakikaidi wataona.

Nimecheza hapohapo. Wateja wamecheza. Mmoja alikuwa na rangi kichwani, ikamchuruzikia shingoni, akaendelea kucheza. Jirani wa duka la vipuri kaja kuuliza kama kuna msiba au harusi. Nikamwambia ni salamu.

Nimemwambia Masanja kwa simu. Akasema haya, sawa. Kwa Masanja hiyo ni sherehe.

Jumamosi, 23 Mei

Naandika hapahapa Kisesa, sijangoja kufika kwangu.

Tulikaa kama kawaida. Mama na kitenge kipya, amejipaka mafuta, amekohoa kusafisha koo kama mwenyekiti wa kikao. Masanja hakuwa na kisingizio. Akaweka sauti kubwa, akampa simu. Mama akatulia, akangoja kusalimiwa. Sauti ikaja, kali, ya juu.

"Namba kumi na nne, niko salama, Afande!"

Mama akatuangalia. Akafikiri namba imekosewa. Akaanza yeye, mkubwa akamsalimia mdogo, jambo ambalo sijaliona maisha yangu yote. "Mwadila, Nyamizi."

"Niko salama, Afande!"

Mama akamwambia ng'ombe wake kazaa, yule mwenye baka la paji. Ndama jike. Zamani Nyamizi angepiga kelele mpaka simu ipasuke. "Ndiyo, Afande." Mama akamuuliza kama analala vizuri. "Ndiyo, Afande." Mama akasema mimi ni bibi yako. Nikasikia mtu nyuma yake anakohoa. Kisha: "Ndiyo, Afande."

Mama akamrudishia Masanja simu kwa vidole viwili. Akasema: "Huyu uliyenipa ni nani?"

Dakika zisizolipiwa Kamanda, zote zimebaki. Hakuna aliyezitumia. Nimelia waziwazi, karanga mapajani.

Jumapili, 24 Mei

Nimelala Kisesa. Asubuhi Masanja kaingia, "Shikamoo, Mama." Mama anachochea uji. Hakuitikia.

Nilidhani hakusikia. Akarudia. Akasogea. Akajaribu Kikwetu, "Mwangaluka, Mayu." Mama akapuliza moto. Kwangu kaitikia vizuri kabisa, marahaba mwanangu, umeamkaje.

Mwanaume mzima, ana mvi, mzee wa kanisa, mama yake hamwitikii shikamoo. Njia nzima ya kurudi kwangu Pasiansi sikujua nicheke au niogope.

Jumatatu, 25 Mei

Nimemsimulia Koku yote. "Namba kumi na nne." Kaandika neno kwa neno. Kesho wanakwenda kambini bila taarifa.

Jumatano, 27 Mei

Wamekwenda. Hakuna kibali, hakuna mwalimu, hakuna nesi. Watoto wanapasua kokoto ambazo Kamanda anauza. Kambi inafungwa Ijumaa. Nimepiga kigelegele peke yangu stoo.

Halafu sehemu mbaya. Mtoto anachukuliwa na yule aliyetia sahihi kumpeleka. Siyo shangazi, siyo bibi. Masanja. Na Masanja kasema amesikia kuna kambi nyingine upande wa Shinyanga, nzuri zaidi, atamhamishia huko moja kwa moja. Anasema ukianza kunyoosha mti huuachii katikati. Nimemjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mama bado hamwitikii. Jana Masanja kamletea sato mkubwa, mbichi, macho yanang'aa. Mama kapokea, kapika, kala. Hakuitikia. Sato alikuwa mtamu, anasema.

Alhamisi, 28 Mei

Masanja kaja saluni. Hajawahi kuingia saluni yangu tangu niifungue. Kasimama mlangoni na kofia mkononi, kati ya mawigi. Nikampa kiti cha wateja, chini ya lile kofia la kukaushia nywele. Sikuwa na kingine.

Wasichana wangu wana adabu. Shikamoo baba, akaitikia marahaba. Mteja wa dirishani, shikamoo mzee, marahaba. Msusi mpya, shikamoo, marahaba. Wa nne alipomsalimia sauti ikamkatika. Akabaki ameinamisha kichwa. Wanawake wote wakasimamisha kazi, mikono hewani na nywele za watu.

Akaniambia siku zote hizi anatoka nyumbani asubuhi kama mtu asiye na mama. Akasema mama yake anamnyima salamu, na mtoto wake sasa hana hata salamu ya kumnyima. Akasema, dada, kesho twende Busisi. Nikauliza, na Shinyanga? Akasema Shinyanga ibaki huko iliko.

Nimemkumbatia, kofia la kukaushia likamgonga paji. Tumecheka kama wajinga. Nampenda kaka yangu. Mkaidi, lakini nampenda.

Ijumaa, 29 Mei

Tumekodi gari, Noah. Darajani upepo mzuri, ziwa linametameta. Zamani tungekuwa bado foleni ya kivuko tunanunua mayai ya kuchemsha. Masanja alishika kitambulisho mkononi njia nzima.

Kambini wazazi wengi. Mteja wangu yupo na dada yake, tukapungiana kama tuko uwanja wa mpira. Kamanda kaketi kwenye benchi bila kofia, mnene, mpole, Koku anamsomea karatasi. Watoto wamepangwa mstari. Kila aliyeitwa jina lake la nyumbani aliangalia pembeni kwanza, kama anaitwa mwingine.

Nyamizi amenyolewa. Amekonda. Alikaza mgongo mbele ya baba yake. "Niko salama, Afande." Masanja akambebea fuko lake. Hilo fuko lilikuwa jepesi, lakini alilikumbatia kwa mikono miwili.

Wakati wa kurudi, darajani nikamwonyesha Nyamizi kile kivuko cha zamani kimeegeshwa pembeni, nikasema kimestaafu kama babu yako, kinaota jua tu. Akatabasamu. Kidogo sana, upande mmoja. Nimeliona. Masanja naye kaliona kwenye kioo, maana alianza kukohoa.

Nyumbani Mama alikuwa kigodani. Mtoto akasimama wima mbele yake. Hakusalimia. Nilitaka kumsukuma goti. Mama akanikata jicho. Akamwambia tu, karibu kwenu, chakula kipo. Nyamizi kala haraka, amesimama. Hakuna aliyemwambia akae.

Naogopa. Tumemrudisha, lakini sijui tumemrudisha nani.

Jumamosi, 30 Mei

Saluni sijafungua. Asubuhi Nyamizi alilala mpaka jua likapanda, tukawa tunatembea kwa vidole. Baadaye akaenda zizini peke yake, akakaa huko muda mrefu.

Lile jembe lake la ngoma, ambalo Masanja alilificha darini, leo limeegemezwa mlangoni. Limepigwa msasa. Hakuna aliyesema limefikaje, na Masanja ana vumbi la dari begani.

Saa tisa nilikuwa nasonga ugali. Mama kigodani kwake, kitenge kipya, anachambua choroko. Nyamizi akatoka zizini na nyasi kwenye sketi. Akasimama. Nikaacha kusonga. Mgongo ulikuwa umenyooka vilevile. Kisha goti moja likashuka, pole pole, na la pili.

"Mwadila, Bibi."

Mama hakulia. Aliitikia kama jana na juzi na siku zote. Akamuulizia usingizi. Akajibiwa, sauti ndogo, ya kawaida, ya mtoto wa nyumba hii. Nyamizi akaulizia mgongo wa bibi. Akaulizia michembe, viazi vikavu vya msimu huu, kama ilikauka vizuri. Akaulizia mgonjwa wa jirani, akaambiwa amepona, akashukuru.

Masanja alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Akasema shikamoo, chini chini, kama anaomba kupita. Mama akaitikia marahaba bila kugeuka, akaendelea na mjukuu wake.

Nimeufunika ugali kwa sahani. Ndiyo kwanza wamefika kwa ndama.