Matonge Manane

Mikumi,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Najua Agripina ndiye anayekusomea, nawe umekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango, unachambua maharage huku unasikiliza. Agripina, mdogo wangu, soma polepole na usiruke mahali popote, hata pale nitakapomsema mama. Mama, mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Kaka Festo akuletee ilifika, au amejipaka mwenyewe? Na mihogo ya bondeni, nguruwe pori wamewaachia kidogo? Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa maana yake yote, na kama huamini, sikiliza mpaka mwisho.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Mama Neema haifai kwa mambo haya. Kila nikipiga, jirani yetu huyo anaweka sauti ya juu, nawe unaanza kuniuliza kwa kuzungukazunguka, mara "ile homa yako," mara "yale mambo yako." Siku ile uliponiuliza kama nimewaambia wakwe zangu wa Mvumi, nilijifanya mtandao umekatika. Haukukatika, mama. Nisamehe. Jibu lilikuwa refu, na sikutaka Mama Neema alisikie kabla yako.

Agripina hajui habari yote, kwa hiyo nirudie kidogo. Mwaka jana nilianza kukonda hivi hivi. Nilikuwa nakunywa maji ndoo nzima kwa siku, na choo nikakijua kuliko jiko. Pale hotelini tunapopikia watalii, wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa mwingine. Nikapima, sina. Nikatibiwa malaria mara mbili. Siku moja nikaanguka mbele ya jiko nikiwa na mwiko mkononi, na niliposhtuka nilikuwa hospitali, nina dripu mkononi. Daktari akaniambia nina kisukari aina ya kwanza. Nikamwambia hicho ni cha wazee na watu wanene, mimi nina miaka thelathini na moja na mifupa inahesabika. Akaniambia kuna cha aina nyingine, kongosho linaacha kabisa kutengeneza insulini, na kinaweza kumwanza mtu mzima kama mimi. Vidonge havisaidii. Ni sindano kila siku, maisha yote.

Nililia siku tatu mama, hilo unalijua. Siku ya nne nikachoka kulia. Sasa najichoma bila hata kukunja uso. Chumbani kwangu sina friji, na joto la Mikumi unalisikia kwenye redio tu. Insulini naiweka kwenye chungu kidogo, nacho nimekitia ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni. Nesi wa kliniki ya Kilosa ndiye aliyenifundisha, na pia akanifundisha kuhesabu chakula. Nikaupima ugali kwenye mizani ya jikoni kazini, tonge kwa tonge, kwa mkono wangu mwenyewe. Matonge manane na mboga yanakwenda na kipimo changu cha mchana. Sindano ya chakula naichoma nusu saa kabla ya kula. Shika hapo kwenye nusu saa, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Daudi, yule kijana wa Mvumi, aliposema anataka kunioa, uliniambia, "Usithubutu kuwaambia wakwe mpaka ndoa ifungwe." Nilikuelewa. Uliona mabinti waliorudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa, na uliogopa kwa ajili yangu. Daudi mwenyewe nilimwambia siku ya kwanza, kwa sababu siwezi kulala na siri kitanda kimoja. Kwao sikusema. Basi nikaenda Mvumi kutambulishwa, mdomo nimeufunga kama ulivyoniagiza.

Walinipokea vizuri. Mama Daudi ni mwanamke mrefu, haongei sana, macho yake ndiyo yanayoongea. Anaishi na bibi, mama yake mzazi, ambaye masikio yamechoka lakini sauti haijachoka hata kidogo. Mkoba wangu ukapelekwa sebuleni kwa heshima, mimi nikavaa kanga nikaingia jikoni na wanawake. Unanijua, jikoni ndiko kwangu. Nikanyonyoa kuku, nikapepeta mchele, na Mama Daudi akawa ananiangalia mikono. Nilipoona maji ya ugali yameinjikwa na mboga ziko tayari, nikahesabu nusu saa yangu. Kichupa na sindano nilikuwa nimevificha kwenye pindo la kanga. Nikaenda chooni nyuma ya nyumba, nikajichoma huko nimesimama, inzi wakiniangalia, kisha nikarudi nikitabasamu.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kule kwao chakula cha namna ile hakiguswi mpaka mjomba afike. Kwa Wakaguru mjomba si mtu mdogo, mama. Kaka yake Mama Daudi ndiye mwenye neno kuhusu watoto wa dada yake, na bila yeye hakuna posa. Alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Ugali ukaiva, ukafunikwa. Daudi akachukua pikipiki kwenda kumtafuta. Nikasubiri. Jambo lingine ambalo ningepaswa kulijua ni kwamba hata mjomba akifika, wanaume wanakula kwanza sebuleni, halafu ndiyo wanawake jikoni, wote kwenye sinia moja. Mimi niliyezoea kuhesabu kila kitu, siku hiyo sikuhesabu watu.

Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Midomo ikafa ganzi, nikaificha kwenye kanga. Pipi zangu na glukosi vilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko sebuleni kwa wazee, mahali ambapo mwali hawezi kuingia tu akaanza kupekua. Nikajikaza kisabuni. Nikasikia sauti yako, mama, "usithubutu." Bibi akaniuliza kitu, nikamjibu maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Nilipotaka kunyanyua sufuria nikaona masufuria mawili. Hapo nikajua kwamba nikiendelea kukutii nitaanguka kwenye moto wa watu, na wakwe zangu watanijua nikiwa maiti.

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia Mama Daudi, "Mama, naomba sukari. Nina kisukari. Nimejichoma sindano na chakula kimechelewa. Nisipopata sukari sasa hivi nitazimia."

Bibi akauliza nimesemaje, wakamwambia kwa sauti, na yeye akasema kwa sauti kubwa zaidi, "Mwenye sukari hapewi sukari. Mnataka kumuua mtoto wa watu?" Mama Daudi alikuwa ameshachukua kopo la sukari. Akasimama nalo. Mama, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuliangalia lile kopo mkononi mwa mwanamke asiyejua amwamini nani, mama yake aliyemzaa au msichana aliyemfahamu tangu asubuhi. Nilikuwa siwezi tena kueleza. Nikamwangalia tu. Akachota vijiko vitatu, akakoroga kwenye maji, akanishika kichwa na kuninywesha mwenyewe, huku bibi akilalamika kwa Kikaguru.

Baada ya muda nikarudi duniani. Mjomba naye akawa amefika, na habari ilikuwa imemfikia kabla hajashuka kwenye pikipiki ya Daudi. Nikaitwa sebuleni. Mama Daudi akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikasema niliogopa. Sikukutaja mama, hilo nataka ulijue. Mjomba ni mtu wa kusema moja kwa moja, akaniuliza, "Utazaa?" Nikamjibu, "Nitazaa, kwa mpango na daktari, na sukari yangu ikiwa imetulia. Wenzangu kliniki wamezaa." Akauliza tena, "Na hiyo sindano utachoma mpaka lini?" Nikasema, "Mpaka nife kwa uzee, mjomba." Hakucheka. Akasema watakaa, wataongea.

Nilipanda gari la kurudi Mikumi nikijua imekwisha. Lakini nikwambie kitu kitakachokushangaza, sikujuta. Nilikuwa na huzuni, ndiyo, maana Daudi nampenda, na yeye aliniambia hanitupi ingawa hawezi kuja kwetu bila mjomba wake. Ila kulikuwa na mzigo niliokuwa nimeubeba tangu mwaka jana, na niliuacha kwenye jiko la Mvumi. Jumatatu nikaingia kazini, nikaweka kichupa changu juu ya meza mbele ya wapishi wenzangu, nikajichoma hapo hapo. Mpishi mkuu akaniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma kidogo kuliko maneno yenu ya mwaka jana. Siku hizi wao ndio wanaonikumbusha kula.

Zikapita wiki tatu kimya. Siku yangu ya kliniki nikaenda Kilosa, na nilipofika nikamkuta Mama Daudi ameketi kwenye benchi la wagonjwa, amevaa kitenge cha kanisani na kubeba daftari. Nilidhani anaumwa. Akasema, "Daudi ameniambia siku yako. Nimekuja kusikia kwa masikio yangu." Akaingia na mimi. Akamhoji nesi mpaka foleni ikaanza kulalamika. Aliuliza kwa nini mwenye kisukari apewe sukari, na nesi akamweleza kwamba insulini ikishaingia mwilini inaendelea kushusha sukari ya damu, chakula kiwepo kisiwepo, na kisipokuwepo mtu anaweza kufa. Mama Daudi akaacha kuandika. Nadhani alikuwa anafikiria lile kopo. Kisha akauliza kuhusu ugali, nami nikamweleza habari ya matonge manane. Hilo akaliandika. Tulipotoka tukanunua ndizi moja moja, akaniambia niende kwao Jumamosi inayofuata, na akapanda gari lake bila kuongeza neno.

Jumamosi hiyo ilikuwa jana.

Nilipofika, mjomba alikuwa ameshawasili zamani. Alikuwa amekaa barazani na koti lake, amenuna. Akaniambia dada yake amemtisha kwamba akichelewa tena ataua mtoto wa watu, kwa hiyo amekuja hata kabla ya kuku kukamatwa. Safari hii mkoba wangu ulibaki jikoni. Maji ya ugali yalipoinjikwa Mama Daudi akanigeukia, akasema, "Nusu saa." Nikainuka kwenda chooni kama kawaida yangu. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, akavuta kigoda, akasema kwake watu hawachomi dawa chooni. Nikajichoma pale pale, bibi amesogea karibu anachungulia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba kumbe sindano yenyewe ni ndogo hivi.

Ugali ulipopakuliwa, ukapakuliwa wangu kwanza, kwenye sahani ya peke yake. Nikakataa kidogo, kwa sababu sinia la mjomba lilikuwa bado tupu. Mama Daudi akaniwekea maji ya kunawa. Kule sebuleni mjomba, mikono ameshanawa, akauliza kama na yeye anaruhusiwa kula au ugali wake uendelee kupoa. Wanawake wakacheka, na mimi nikaanza.

Basi, mama, unanijua nikiwa na furaha naongea. Niliongea. Nikamweleza bibi habari za nyani wanaoiba mikate ya watalii, nikaeleza habari za kwetu Kibondo, nikajisahau kabisa. Nikanawa mkono na kuanza kuisogeza sahani. Mama Daudi alikuwa upande wa pili wa mkeka, anakula na wenzake kwenye sinia, hata hakuwa ananitazama. Akasema polepole, "Bado mawili."

Nilikuwa nimekula sita. Mama, alikuwa anahesabu. Nikavuta sahani nikala hayo mawili huku machozi yananidondokea kwenye mboga, na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Kwa hiyo habari ndiyo hiyo. Mjomba amekubali, barua ya posa inaandikwa, na wazee watatu watakuja Kibondo mkimaliza kuvuna. Mimi na Daudi tutatangulia siku mbili. Usihangaike na mbuzi, mwambie Kaka Festo atafute kuku wa kutosha.

Sasa ombi langu. Najua pale kijijini umewaambia watu nilikuwa na malaria kali. Nimekaa nikafikiri, na sina hasira, ulikuwa unanifunika kama mama anavyomfunika mtoto. Lakini naona joto humo ndani. Nakuomba, kabla wageni hawajafika, umwambie Mama Neema ugonjwa wangu kwa jina lake. Ukishamwambia yeye, kazi iliyobaki ataifanya mwenyewe. Nikija nitajichoma sebuleni, mbele ya shangazi na majirani wote, nawe nataka ukae karibu yangu. Kisha nipakulie wa kwanza, kwenye sahani yangu ya bluu kama bado ipo, halafu uhesabu. Yule mama wa Mvumi amejifunza, na wewe ndiye uliyenifundisha kumega tonge.

Nisalimie Kaka Festo na wifi, na mtoto wao aliyeanza kutembea. Mpe shikamoo yangu shangazi, na umwambie asilete soda nyingi, moja tu ya dharura inatosha. Agripina, asante kwa kusoma, na hapo ulipolia futa macho umalizie.

Ni mimi mwanao, mzima na mwenye njaa,

Yustina