Nusu Yako ya Kitabu

Chemutai, rafiki yangu,

Leo ni Jumanne, siku yako ya maktaba, na nimeenda mimi. Usinune. Mama yako mwenyewe ndiye aliyenifukuza shambani kwenu, akasema chai yake haitakufa nikikosa kuichuma mara moja.

Tangu tukuzike nina shida ya kuchekesha. Unakumbuka tulivyogawana kile kitabu cha historia kisichoruhusiwa kutoka maktaba? Jumanne wewe unasoma nusu ya kwanza, mimi nachuma chai ya kwenu. Alhamisi mimi nasoma nusu ya pili, wewe unachuma ya kwetu. Jumamosi tunasimuliana tukichuma, mmoja mstari huu, mwingine ule. Tulijiona wajanja kweli, watu wazima wawili wanaorudia mtihani wa kidato cha nne! Sasa mtihani umefika mlangoni, nami najua vizuri jinsi uhuru ulivyorudi, lakini sijui hata ulichukuliwa vipi. Jumamosi ile ya mwisho ulikuwa hospitalini, kifua kimekubana. Sura za mwisho za nusu yako ukaenda nazo.

Mwanzoni niliikwepa maktaba, niliogopa kuona meza yetu. Mjini kumefunguliwa duka la kompyuta lenye intaneti, na kijana wa pale akaniambia, "Andika tu, madam, hii kitu inajua kila kitu." Nikaandika: mashamba ya Kericho yalichukuliwaje. Tukangoja. Ikaja picha ya pakiti ya majani chai, ikishuka polepole kama pazia, halafu laini ya simu ikakatika. Nikacheka, nikageuka nikuonyeshe. Nililia pale pale, Chemutai. Kijana wa watu akadhani nalilia kompyuta, akaniomba msamaha.

Basi leo nikajikaza. Mama Akinyi wa kaunta, yule wa kutoka kando ya ziwa, akaniangalia. "Kwani leo si ya mwenzako?" Nikageuka nikaitazama meza yetu. Akaelewa. Akanishika mkono, akaleta kitabu kabla sijakiomba.

Jani la chai uliloweka kama alama, kwa vile Mama Akinyi alitukataza kalamu, bado lilikuwa ndani, limekauka, kurasa chache kabla ya pale ninapoanzia mimi. Kumbe hukumaliza. Ulibakiza kidogo tu. Nimesoma kutoka mwanzo mpaka kwenye jani, na njia nzima nilikuwa nasikia sauti yako ikinieleza, na yale maswali yako ya kunitega. Halafu nikalivuka. Hapo nimesoma peke yangu. Imeniuma, lakini nimeelewa.

Mtihani nitaufanya, nakuahidi. Ila Jumamosi kwanza, nikishamaliza kuchuma, nitapita hapo ulipolala nyuma ya boma lenu, niketi nikusimulie. Nitaanzia pale ulipoweka jani.

Saisere, kwaheri, dada yangu. Pumzika.

Wako,
Chelangat