Njia Anayoiomba Meshaki

Rumonge, Burundi
Tarehe 8 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Domitille,

Amahoro mengi kutoka huku ziwani. Hamjambo huko? Mgongo wa shemeji Mbaraka umepona, au bado anautumia kukwepa kuteka maji? Sisi kwa miili tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mawese tumekamua, na samaki wa ndagala wameanza kupatikana tena sokoni.

Kwa moyo si mzima, mdogo wangu. Nimefika mwisho.

Meshaki hanijui tena. Ulishasikia kwamba anasahau. Sikukuambia kwamba amenisahau mimi. Mume niliyezaa naye ananiona mama fulani mkarimu aliyempa mahali pa kulala. Kila jioni anavaa koti, anasimama mlangoni na kuniomba njia kama mgeni aliyelelewa vizuri: "Mama, murakoze sana kwa chakula. Sasa naomba njia. Bibi yangu Speciosa iko ananingojea Ujiji."

Speciosa ni mimi, Domitille!

Mpaka sasa nimemshika kwa adabu yake mwenyewe. Unajua kwetu mgeni haondoki mpaka mwenye nyumba ampe njia. Basi namwambia chungu kiko motoni, siwezi kumwachia aende na njaa. Anavua koti, anakaa. Nimepika maharage ya uongo mpaka nimechoka.

Lakini wiki iliyopita aliondoka bila kuaga. Mwenye pikipiki mmoja alimrudisha kutoka Minago, alikomkuta akiwauliza wavuvi njia ya Ujiji, na Ujiji iko upande mwingine kabisa. Miguu ilikuwa inatoka damu. Tangu siku hiyo binti yetu Irakoze anataka tufunge geti kwa kufuli mchana kutwa. Sitaki kumfungia baba wa watoto wangu kama mbuzi. Nikikosa njia nyingine nitamfungia, na hilo ndilo linaloniua.

Kwa hiyo tunakuja kwenu Ujiji. Watu nimewaambia tunakuja kutalii: makumbusho, nyumba za kale, barabara ya misafara. Irakoze alicheka kwa hasira, "Mama, esansi ya magari hakuna, nawe uko unaenda turisme?" Daktari naye ameonya kwamba ugeni unaweza kumchanganya zaidi. Nimewasikia wote. Mfa maji haachi kutapatapa.

Nisaidie kupanga matembezi. Kichwa chake kimepotea, lakini pengine miguu yake bado inaijua Ujiji. Tuanzie sokoni, pale alipokuwa akishona nguo, kisha tupite Kitongoni kwa vichochoro, tusiguse barabara kubwa, maana siku hizi honi zinamtisha. Njia hiyo ya vichochoro ipite wewe kwanza. Nyumba zipi zimebomolewa? Zile zenye milango ya kuchonga bado zipo? Niambie ukweli, nisije nikamtafutia kona isiyokuwepo. Angalia pia pa kupumzika kivulini, na nani atatukubalia choo, kwa sababu akibanwa hangoji.

Mwisho wa matembezi uwe Kasingirima, kwa mama Esha, nyumba tuliyopanga chumba tulipooana. Mwombe anikubalie kukaa barazani kwake asubuhi moja tu. Siku hiyo mimi nitatangulia, wewe na Irakoze mtamleta polepole. Nitajifunga kitenge na kuchambua mchele kama zamani. Usimwambie mimi ni nani. Nataka anione mwenyewe aseme jina langu, hata mara moja. Nikilipata hilo nitarudi nalo Rumonge, na yaliyobaki nitayavumilia.

Usinijibu kwamba nijipe moyo. Watu wote wananiambia nijipe moyo. Nijibu kuhusu vichochoro na choo.

Msalimie sana shemeji Mbaraka, mwanao Keren, na kaka Leonsi ukimwona, ingawa haandiki. Irakoze anawasalimu, hasira na yote. Mungu wetu aliyetuvusha mipaka mara nyingi awalinde nyumbani kwenu, asichoke na sisi.

Na Meshaki akifika pale barazani, akanisalimu kama asiyenijua akapita, usilie mbele yake, mdogo wangu. Mshike mkono muendelee na matembezi. Mimi nitakuja nyuma yenu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiishiwa nguvu,

Speciosa