Baba Alitaja Ngamia Kumi na Wanne, Wakaandika Mmoja

Jumanne. Upepo umepuliza vumbi tangu asubuhi hapa mtaani Bulla Pesa, na mimi nina hasira ambayo hata chai haikuituliza.

Leo nilimpeleka Baba hospitali kupimwa akili. Tangu kiharusi cha pili anasahau sana. Daktari alitaka kujua kiharusi kimeharibu ubongo kwa kiasi gani, ndipo apange matibabu. Sawa. Nami nilitaka kujua.

Kwanza akapewa kalamu achore saa. Baba! Mtu aliyechunga ngamia maisha yake yote, anayetia sahihi kwa kidole gumba. Aliitazama kalamu, akairudisha mezani kwa adabu. Sifuri.

Kisha akaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa Kiborana. Baba akachangamka. Akaanza kuwataja ngamia wake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao: yule mweusi, binti wa mwenye sikio lililochanika, yule mwekundu, binti wa aliyekataa kukamuliwa na wageni. Kwetu mifugo haihesabiwi, ni mkosi, inatajwa. Mimi nilihesabu kwa vidole ndani ya buibui, Mungu anisamehe. Kumi na wanne.

"Ngamia ameshasema," mpimaji akaniambia. "Mwambie ataje mnyama mwingine."

Akaandika moja.

Moja! Na mimi, na mdomo wangu huu wote, nikanyamaza kwa sababu ya koti lake jeupe. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Karatasi inasema akili ya Baba imeharibika vibaya. Jioni nikampigia baba mdogo, anayewachunga ngamia hao kule Biliqo, nikaweka simu kwenye spika Baba awataje tena. Nilitaka ushahidi wa kwenda kugombana nao pale hospitali. Baba akataja wote. Baba mdogo akasema, "Wallahi, watatu amewapa mama wasio wao. Ndugu yangu hajawahi kukosea mama wa ngamia."

Kwa hiyo ugonjwa upo kweli. Nimelia. Na aliyeuona ni mchungaji kwenye simu, si karatasi yao.

Kesho asubuhi narudi pale, na safari hii sinyamazi. Wampime upya kwa yale anayoyajua. Mama watatu wamempotea, waandike hivyo. Lakini waandike pia kwamba kumi na mmoja bado anawajua.