Chachu Iko Mlangoni Pako

Marina ya Roccalta,
Calabria, Italia.
9 Novemba 1972

Mpendwa Kaka Saverio,

Pokea salamu zetu sote huko Argentina. Figo zako zinaendeleaje? Wifi Elvira na watoto hawajambo? Huku pwani tu wazima wa mwili, ila moyo wangu si mzima, na sitakuficha.

Jumapili nilipanda kijijini kumchukua Mama. Mvua imeikata barabara, nikapita njia ya punda. Nyumba ya Mzee Nunzio imeporomokea bondeni, na ufa umeshafika ukuta wa kanisa. Serikali imeamuru watu wote wahame kabla ya Krismasi. Watu wote gani? Amebaki Mama tu.

Amekataa kushuka. Unakumbuka chachu ya mkate ilivyozunguka mlango kwa mlango, kila nyumba ikioka na kumwachia jirani donge? Imeishia kwa Mama, na baada yake zamu ni ya nyumba yako. Basi alikwenda akabisha, akaliacha bakuli kizingitini, limefunikwa kitambaa.

"Mama, Saverio yuko Argentina miaka yote hii!"

"Kwani mimi kichaa? Najua aliko," akanijibu. "Lakini zamu ni zamu. Chachu iko kwake. Akinirudishia, nitashuka."

"Na asipokuja?"

"Basi niache. Huko kwenu mnakula mkate wa dukani, mweupe kama uso wa mgonjwa. Nishuke nikafanye nini?"

Nililia, nikagomba, hata nikamshika mkono nimvute. Akanizaba kofi, Kaka, mimi mwenye wajukuu!

Najua daktari hakuruhusu kusafiri. Sikulaumu, wala sikuombi kitu. Sijui hata ningekuomba nini.

Nikishuka nilipita kwako. Nilitaka niikute chachu imekauka, nimrudie Mama nimwambie imekufa, zamu imekwisha, twende. Nikafunua kitambaa. Ilikuwa hai, imeumuka mpaka ukingoni. Anailisha unga na maji kila siku, hapo hapo mlangoni pako, ili ukija usiikute imekufa. Nikaifunika, nikashuka peke yangu.

Msalimie sana Wifi Elvira, na Domenico na Titina, uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde na akupunguzie maumivu. Mvua imeanza tena. Dirishani kwangu naona taa moja tu huko juu, na kila nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii naangalia kama bado ipo.

Dada yako akupendaye siku zote,
Filomena